Figo la Kulia

Jumatatu

Mama ameingia leo kutoka Muheza. Kiroba cha machungwa kimepasuka pale stendi ya Magufuli, Mbezi, machungwa yakabingirika hadi chini ya basi la Arusha. Wapiga debe wawili walitusaidia kuokota. Mmoja alibaki na machungwa yake manne, tukamwachia.

Mama hakuinama kuokota hata moja, na yeye ni mtu wa kuinama. Kwake hufagia uwanja mzima kabla jua halijachomoza, mgongo umepinda, ufagio wa chelewa mkononi. Leo aliegemea nguzo, mkono ameubana chini ya tumbo upande wa kulia. Nilipomuuliza alisema ni uchovu wa safari. Usiku ameamka kwenda chooni mara nyingi, na kila akirudi hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, amekunja uso, ndipo alale.

Jumanne

Nimevunja sindano kwenye pindo la jinzi ya mteja, na duka la vifaa vya cherehani hapa Rangi Tatu halikuwa na namba kumi na nane. Mteja amesema atarudi Ijumaa.

Mama amesema ukweli asubuhi. Maumivu anayo tangu kabla ya Ramadhani. Amekuwa akinunua diklofenaki duka la dawa, anameza, yanatulia, yanarudi. Kuna muuza dawa alimwambia ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akampa vidonge vya siku tano bila kupima chochote. Nimeumia kusikia kwamba muda wote huo tulikuwa tukiongea kwenye simu, ananiuliza habari za wajukuu na bei ya vitambaa, huku anaumwa.

Zahanati wamempima presha, 128 kwa 78, nzuri kwa mtu wa miaka 61. Sukari nzuri. Kwenye mkojo wameona chembe nyeupe na damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Daktari ameandika altrasaundi ya tumbo zima, na ameniambia niitupe ile diklofenaki: dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na figo lenye shida huweza kuumia zaidi. Nimezitupa mbele ya Mama.

Jumatano

Tuliambiwa Mama anywe maji kama lita moja saa moja kabla ya kipimo, na asiende haja ndogo. Kibofu kikijaa hunyanyua utumbo na kuusogeza juu. Utumbo una hewa, na sauti ya kile kipimo haipiti kwenye hewa. Maji inayapita bila shida. Ndiyo maana pia wanapaka yale mafuta mazito ya baridi, ili hewa isibaki kati ya ngozi na kifaa.

Mama alikunywa kwa wakati. Mtoni lori la kokoto lilikuwa limekwama katikati ya barabara. Tulishuka kwenye daladala tukapanda bajaji, na dereva akapita njia ya ndani yenye matuta. Mama hakulalamika, ila alinishika mkono kwa nguvu kila tuta.

Zamu yake ilipofika, umeme ulikatika. Jenereta haikuwa na mafuta. Kijana mmoja alitumwa na dumu. Mama alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akaenda chooni. Akiwa anatoka, taa ziliwaka. Mhudumu alisema tuingie sasa hivi kwa sababu watu ni wengi, na tukiingia mwisho huenda umeme ukakatika tena.

Mpimaji alikuwa kijana mpole. Alianza kushoto, akapima, akaandika. Akahamia kulia. Alimgeuza Mama ubavu, akamwambia avute pumzi na kuishikilia, akabonyeza kati ya mbavu, akarudi nyuma ya mgongo. Kulia alikaa muda mrefu kuliko kushoto. Kisha akauliza, "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji?" Mama akajibu, "Kidole tumbo, mwaka 1994." Kijana akaliangalia kovu, hakusema kitu, akaandika.

Ripoti inasema hivi. Figo la kushoto lina urefu wa sentimita 10.4, umbo zuri, lina kifuko cha maji cha sentimita 1.8 upande wa juu. Figo la kulia halikuonekana mahali pake. Huenda hakuzaliwa nalo. Mstari wa mwisho unasema kibofu kilikuwa kitupu na utumbo ulikuwa na hewa nyingi, kwa hiyo sehemu ya chini ya tumbo haikuonekana vizuri.

Mama ameniuliza njiani wameona nini. Nimemwambia wameona figo la kushoto ni zima.

Alhamisi

Mdogo wangu alipiga picha ile ripoti jana usiku, akaituma kwenye kundi la ukoo. Alitaka ndugu waombe dua. Kufikia alfajiri simu yangu ilikuwa imeisha chaji kwa ujumbe.

Mjomba amepiga kutoka Muheza saa kumi na mbili. Sauti yake ilikuwa imekauka. Amesema: kovu liko kulia, figo lililokosekana ni la kulia, na sasa kila kitu kiko wazi. Waliomfungua dada yake mwaka ule walichukua figo. Anataka twende polisi. Nimemwambia tusubiri daktari. Akanijibu, "Mwanangu, wewe hukuwepo."

Nimekata kanzu ya mteja fupi kwa inchi moja kwa sababu ya kupokea simu. Nimenunua kitambaa kingine.

Ijumaa

Mjomba alimwagiza mdogo wangu aiweke ripoti na picha ndani ya plastiki ngumu, ushahidi usije ukaharibika. Kijana wa steshenari aliipitisha kwenye mashine. Karatasi ya ripoti ilitoka salama. Picha ilitoka nyeusi yote, kwa kuwa ile karatasi laini ya mashine ya altrasaundi huandikwa kwa joto, na mashine ya plastiki nayo hufanya kazi kwa joto. Kijana alirudisha fedha yetu.

Ningependa kila chumba cha kipimo kiwe na tangazo la mstari mmoja: piga picha kwa simu au toa kopi kabla hujaihifadhi. Hata ikiachwa tu kwenye joto la Dar, karatasi ile hupoteza picha, na daktari anayefuata hubaki hana cha kulinganisha.

Jumamosi

Shangazi amekuja na mizizi kwenye chupa ya soda. Amesema inasafisha figo. Chupa ilifumuka kizibo kwenye mkoba wake na kulowesha kitambulisho chake cha taifa. Kidogo kilichobaki Mama hajakinywa. Nimemweleza shangazi kwa heshima kwamba hatujui kilichomo, na figo ndilo linaloachiwa kazi ya kutoa mwilini kila kisichojulikana. Amenielewa, ingawa aliondoka mapema.

Mama mwenye nyumba naye amesoma ripoti. Kilichomtisha ni kile kifuko cha kushoto. Amesema dada yake alianza hivyo hivyo na uvimbe. Mama hakula chakula cha usiku.

Jumapili

Fundi wa maji amekata bomba la jirani badala ya letu.

Mama ameniita baada ya swala ya isha. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoulizia chumvi, "Hivi mtu anaishi na moja?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza nimejuaje. Sikuwa na jibu la kumtosha mtu aliyenizaa, nikamshika miguu nikamkanda mpaka akalala.

Jumatatu

Hospitali kubwa. Faili la Mama lilipelekwa chumba cha macho, likatafutwa, likarudi na jina la mtu mwingine juu. Likabadilishwa. Lifti haifanyi kazi, tukapanda ngazi, Mama akipumzika kila ghorofa.

Daktari ni mwanamke wa makamo. Alimwamkia Mama shikamoo, akamketisha, akamwomba aeleze mwenyewe, na hakumkatiza. Nataka niyaandike haya vizuri kwa sababu tangu Jumatano nilikuwa nikitafuta mtu wa kutueleza.

Alianza na damu. Kreatinini 71. Kwa mwanamke, maabara yao huhesabu 45 hadi 90 kuwa kawaida. Ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo lisipochuja vizuri hupanda kwenye damu. Kwa hiyo, figo liwe moja au mawili, kazi inafanyika.

Kisha kile kifuko. Aliuliza kama mashine ilionyesha ukuta mwembamba, ndani peusi pasipo kitu, na nyuma yake kung'aa. Ripoti ilisema hivyo. Akasema peusi ni maji, na nyuma panang'aa kwa sababu sauti imepita kwenye maji bila kupungua nguvu. Vifuko vya namna hiyo ni vya kawaida kwa watu waliovuka miaka hamsini, havigeuki saratani, havikatwi, wala havihitaji dawa. Kingekuwa na kuta nene, vyumba ndani, au nyama yenye damu inayopita, hapo angekuwa na maneno mengine. Na kama mafigo yote mawili yangejaa vifuko vya kila ukubwa, angeuliza habari za wazazi na watoto, maana kuna ugonjwa wa namna hiyo unaorithiwa, na kila mtoto wa mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Kimoja kidogo, kwa mama wa miaka 61, hakimkoseshi daktari usingizi. Mama aliuliza, "Kwa hiyo mimi nile?" Daktari akasema, "Ule, mama."

Halafu figo la kulia. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, kwa aibu, kwamba kaka yake anaamini liliibiwa. Nilidhani daktari atakasirika. Alisema watu wana haki ya kuogopa, biashara haramu ya figo ipo duniani, na si vibaya kuuliza. Kisha akamwomba Mama alale, akaliangalia kovu. Ni fupi, liko chini kulia, la kidole tumbo kabisa. Figo hukaa nyuma, karibu na mgongo, chini ya mbavu. Kulitoa ni lazima kufunga mshipa mnene unaotoka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa mwili, na kwa upasuaji wa wakati ule mgonjwa angebaki na kovu refu ubavuni au mbele ya tumbo. Figo likitoka huwekwa kwenye baridi na huhesabiwa saa, huku mpokeaji ambaye damu yake imepimwa na kulingana akiwa tayari pembeni. Mwaka 1994 Tanzania haikuwa imewahi kupandikiza figo. Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili mwaka 2017.

Mama akauliza lile swali lake la jana. Daktari alimsimulia habari ya Ronald Herrick wa Marekani, aliyempa pacha wake figo moja mjini Boston mwezi wa Desemba mwaka 1954, upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, naye akaishi na moja lililobaki hadi mwaka 2010. Akasema karibu mtu mmoja katika kila 1,000 huzaliwa na figo moja, na wengi hawajui mpaka wapimwe kwa sababu nyingine.

Ndipo akarudi kwenye ripoti, akaweka kidole kwenye ile 10.4.

"Hii hainiambii kuwa mama ana figo moja," alisema. Mtu aliyezaliwa na moja, lile moja hufanya kazi ya mawili tangu tumboni, na hukua, likawa kubwa kuliko kawaida. Figo la mtu mzima huwa kama sentimita tisa hadi kumi na mbili. La Mama liko katikati kabisa, halijaonyesha kubeba mzigo wa mwenzake. Akasoma mstari wa mwisho, ule wa kibofu kitupu na hewa. "Mpimaji hakuliona pale alipotazama. Kazi yetu sasa ni kutazama pengine." Ameandika kipimo kingine kesho asubuhi, kibofu kijae. Amechukua mkojo kuotesha vijidudu, majibu baada ya siku mbili tatu.

Tukishuka ngazi, kandambili ya Mama ilikatika. Alishuka peku, akiongea na kila aliyepishana naye.

Jumanne

Tumelala kwa ndugu aliye karibu na hospitali ili foleni ya barabara isituhusu. Mama alikunywa maji yake. Mbele yetu aliingia mama mjamzito aliyezidiwa, tukampisha wote. Mama alianza kutembea ukumbini, kwenda na kurudi, kanga ameifunga kwa nguvu. Muuguzi alimwona akasema asiyeweza kujizuia aende nusu. Hakuna ajuaye kwenda nusu. Tukaitwa wakati ule ule.

Mpimaji wa leo alianza chini kabisa, juu ya kibofu. Hakumaliza hata dakika. Akasema, "Hili hapa," akatugeuzia skrini.

Nimeliona kwa macho yangu. Kibofu ni ziwa jeusi. Juu yake, kulia, palikuwa na umbo lenye ukingo wa kijivu na katikati nyeupe, urefu sentimita 8.9. Alibonyeza kitufe cha rangi, mishipa ikawaka nyekundu na buluu ikiingia ndani yake. Ni figo la Mama. Limekaa ndani ya nyonga, limegeukia mbele, lina mishipa yake lenyewe kutoka mshipa wa karibu. Limekaa hapo miaka 61, wakati wa mimba zake zote na wakati wa kidole tumbo.

Alitueleza, akiendelea kupima. Mimba ikiwa changa, wiki ya tano au ya sita, mafigo huanza kuumbika chini, ndani ya nyonga. Mwili unavyorefuka yanapanda, na kufikia wiki ya tisa hivi huwa yamefika mahali pake. Mara moja moja figo husimama njiani. Inakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 2,000 au 3,000. Wengine mafigo yao huungana chini yakiwa bado hayajapanda, yakakwama kwenye mshipa, wakaishi nayo hivyo hivyo. Hiyo hutokea mara nyingi zaidi, kwa mmoja katika 400 au 500.

Kisha akasema, "Mama, tulia, usiongee." Aliacha rangi ziendelee, akaweka kifaa juu ya kibofu, akasubiri. Nilidhani mashine imeganda. Ghafla, chini ya lile ziwa jeusi, upande wa kushoto, palitokea mruko mwekundu wa rangi, ukapanda, ukazimika. Ni mkojo unaoingia kutoka figo la kushoto. Tukasubiri tena. Upande wa kulia ukaruka wa pili, mfupi kidogo, hafifu. Ni wa figo la kulia. Mwenye figo moja huonyesha mruko mmoja. Mama alitazama mpaka wa kulia ukaruka tena. Alisema alhamdulillahi, na mpimaji akamkumbusha asiongee.

Kwenye lile figo la chini palikuwa na kitu kingine. Karibu na mahali mrija wa mkojo unapoanzia palikuwa na alama nyeupe kali, na nyuma yake kivuli cheusi kimenyooka, maana jiwe halipitishi sauti. Milimita 7, kama punje ya choroko. Figo lenyewe limejaa mkojo kidogo kwa ndani. Mpimaji alimtuma Mama chooni kwanza, akapima tena, kwa sababu kibofu kilichojaa sana kinaweza peke yake kuufanya mkojo urudi nyuma na figo lionekane limevimba. Baada ya kwenda haja, kujaa kwa figo kulipungua lakini hakukwisha. Jiwe hilo ndilo lililomuuma tangu kabla ya Ramadhani. Maumivu ya mawe watu huyatarajia mgongoni chini ya mbavu. Yake yalikaa kwenye nyonga kwa sababu figo liko huko.

Mafuta ya kipimo yamelowesha kanga yake mpya. Ripoti tumepiga picha, tumetoa kopi, na picha tumeiweka kwenye bahasha ya karatasi.

Jumanne, usiku

Mama amempigia mjomba mwenyewe. Mtandao ulikatika alipofika kwenye neno "nyonga", na mjomba akabaki dakika kadhaa akijua kuwa figo limeonekana bila kujua limeonekana wapi. Alipopatikana, aliuliza maswali mengi. Halafu akanyamaza, na Mama akaweka simu kwenye spika kwa sababu alidhani imekatika tena. Mjomba alikuwa analia.

Mwaka 1994 yeye ndiye aliyembeba Mama kwenye baiskeli, usiku, mpaka hospitali. Baba alikuwa safari. Yeye ndiye aliyeweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali upasuaji. Tangu Alhamisi alikuwa akiamini kwamba alimpeleka dada yake kwa wezi kwa miguu yake mwenyewe. Mama alimwambia, "Kaka, ungechelewa usiku ule ningekufa. Ulinipeleka kupona."

Sasa naelewa kwa nini aliniambia sikuwepo. Naona sasa kwamba mstari mmoja wa ripoti, ukitumwa kwenye simu bila mtu wa kuueleza, unaweza kumfikia mtu aliye mbali ukamvunja pale alipo dhaifu. Waandishi wa ripoti wana haraka, na mashine zina watu wengi nje ya mlango. Bado natamani wangeandika, pale wasipoona, neno la kumwelekeza mgonjwa hatua inayofuata.

Alhamisi

Mashine ya sitiskani imeharibika. Imesemwa fundi anakuja Jumatatu. Daktari anaitaka bila dawa ya kuchoma, aone kama kuna mawe mengine na mrija umepita wapi, kwa kuwa njia ya figo la nyonga haifanani na ya watu wote.

Majibu ya mkojo yametoka. Kijidudu kimepatikana pamoja na dawa inayokiua, na siyo ile ya muuza dawa. Mama ameanza.

Daktari ameona tusubiri wiki chache kwanza. Mawe yaliyo chini ya milimita tano mengi hutoka yenyewe. La milimita saba huenda likatoka na huenda lisitoke, na figo la namna hii mrija wake hauko mnyoofu. Lisipotoka atampeleka kwa mpasuaji wa njia ya mkojo, ambaye ana namna kadhaa za kulivunja. Amenisisitizia jambo moja, akanifanya nilirudie: homa ya kutetemeka, au mkojo kukatika, ni hospitali usiku huo huo, hakuna kungoja asubuhi. Mkojo wenye vijidudu ukifungiwa nyuma ya jiwe unaweza kuua.

Maji anywe mpaka mkojo ufike kama lita mbili na nusu kwa siku, na uwe mweupe. Chumvi ipungue. Mama aliuliza kuhusu machungwa, akiogopa jibu, kwani anayo miti kumi na minne. Daktari amesema machungwa na malimau yana kitu kinachoishika kalisi isijikusanye ikawa jiwe. Ale, na limau akamue kwenye maji.

Jumamosi

Nimenunua chujio jipya la Mama la kukojolea, jiwe likitoka lisipotee, maabara waone ni la aina gani. Nimelifunga uzi mwekundu na kulitundika chooni. Shangazi alikuja mchana, akalikuta, akalisifu kwa usafi, akalileta jikoni kuchujia chai. Nililichukua kabla chai haijaiva. Nilimweleza. Amecheka mpaka akakaa chini, na Mama naye, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Mteja wa jinzi amekuja. Sindano namba kumi na nane zimepatikana Kariakoo.

Jumanne

Fundi wa sitiskani amekuja, mashine imepona, kipimo kimefanyika. Jiwe ni moja tu. Limeshuka kidogo, limeingia kwenye mrija. Maumivu ya jana usiku yalikuwa hayo. Kreatinini imerudiwa, 74, na daktari hana wasiwasi nayo.

Daktari ameagiza jambo liandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa wino, ukurasa wa kwanza: figo la mgonjwa huyu liko ndani ya nyonga. Mpasuaji asiyejua anaweza kulikuta siku moja, akalidhania ni uvimbe, akalikata. Mtaalamu mwingine anaweza kumpima kama alivyopimwa Jumatano ile, akaandika halipo, na mambo yakaanza upya.

Muuguzi aliandika haraka, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, akatupa kadi. Mama alivaa miwani akaisoma pale pale dirishani. Ilikuwa imeandikwa: "Figo la kushoto liko ndani ya nyonga." Alirudisha kadi, akasema, "Mwanangu, la kushoto ndilo linalokaa kwake. Linalokaa nyonga ni la kulia." Watu nyuma walianza kunung'unika. Mama hakusogea. Muuguzi aliangalia ripoti, akaomba radhi, akakata kwa mstari mmoja, akaandika "kulia", akatia sahihi na tarehe.

Kliniki ni baada ya wiki tatu. Mpaka hapo Mama anabaki kwangu, na mjomba ameahidi kumwagilia miche yake mipya. Ametuma picha kuonyesha kwamba ameanza. Amemwagilia ya jirani.